Hanal Pixán: Yanayosemwa Kimakosa Kuhusu Chakula cha Roho

Kila Oktoba inapokaribia kwisha, picha za mafuvu yaliyopakwa rangi husambaa mitandaoni na maelezo yaleyale: Wameksiko wanasherehekea kifo, wana Halloween yao, wanaabudu mizimu. Ukifika rasi ya Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko, maelezo hayo hayakusaidii kuelewa unachokiona. Wamaya wa huko, ambao wengine hudhani walitoweka zamani ilhali lugha yao ina wasemaji zaidi ya laki 7 nchini Meksiko, huziita siku hizo za kuwakumbuka marehemu Hanal Pixán. Hanal ni chakula, pixán ni roho. Jina lenyewe linakuelekeza jikoni.

"Ni Halloween ya Meksiko"

Zimekaribiana tarehe tu. Tarehe 31 Oktoba ni zamu ya watoto waliofariki, tarehe 1 Novemba ya watu wazima, na tarehe 2 ya roho zote, siku ambayo watu huenda misa. Mpangilio huu umeshikana na kalenda ya Kanisa Katoliki, Sikukuu ya Watakatifu Wote na ile ya Marehemu Wote. Meza ya watoto hutandikwa kitambaa cha rangi, ikawekwa mishumaa ya rangi, uji wa mahindi mapya, peremende na vitu vya kuchezea. Ya wakubwa huwa na kitambaa cheupe na mishumaa myeupe. Hakuna anayevaa vazi la kumtisha mwenzake. Tahadhari ipo, lakini ni ya kimyakimya: mtoto aliye hai hufungwa uzi mwekundu au mweusi mkononi, roho zinazopita zisije zikamchukua.

"Wanaabudu wafu"

Mezani kuna msalaba uliopakwa rangi ya kijani, na kinachosaliwa ni rozari. Marehemu hualikwa kwa jina lake, kama mgeni anayejulikana, na huandaliwa alichokipenda enzi za uhai wake. Roho hula harufu na mvuke, ndiyo maana chakula hufikishwa mezani kikiwa moto. Sala ikiisha, wenye nyumba huketi wakala, na sahani nyingine huvuka ua kwenda kwa jirani. Roho isiyo na ndugu wa kuikumbuka nayo haisahauliwi: huwekewa sehemu yake kwenye kibuyu kinachotundikwa nje. Jambo hili dogo laeleza mila nzima kuliko fuvu lolote la sukari.

"Chakula ni pambo la meza, chochote kinafaa"

Hapa ndipo wengi wanapokosea zaidi, kwa sababu chakula chenyewe, pib, mkate mkubwa wa mahindi uliojazwa nyama, huchukua siku nzima na mikono mingi. Neno pib lina maana ya kilichookwa ardhini. Kwa pib moja kubwa tayarisha kilo 2 za donge la mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa na kusagwa, karibu nusu kilo ya mafuta ya nguruwe, chumvi, zingefuri ya kutia rangi nyekundu, na xpelón zilizochemshwa. Xpelón ni kunde nyeusi, na kunde asili yake ni Afrika. Kuku mmoja na kilo moja ya nyama ya nguruwe huchemshwa pamoja na zingefuri, kisha supu yake hukorogewa donge kidogo mpaka iwe nzito. Mchuzi huo mzito huitwa k'óol.

Shimo huchimbwa uani, kina cha magotini. Kuni hupangwa ndani, mawe juu yake, na moto huachwa mpaka kuni zigeuke makaa na mawe yashike joto barabara. Wakati huo majani ya mgomba hupitishwa juu ya moto mpaka yang'ae na kulainika. Jani lisilobabuliwa hupasuka kwenye mkunjo, k'óol ikamwagikia makaa. Donge hutandazwa juu ya majani, unene wa kidole, kingo zikiinuliwa kama bakuli. Nyama na k'óol huingia katikati pamoja na nyanya, pilipili na majani ya epazote, kiungo chenye harufu kali, kifuniko cha donge huwekwa juu, kingo zikabanwa kwa vidole. Furushi hufungwa kwa majani, kisha kwa nyuzi za henequén, ndugu wa mkonge wa Tanga, ambao nao mbegu yake ilitoka Yucatán ikafika kwetu mwaka 1893.

Mawe husawazishwa, pib zikalazwa juu yake, zikafunikwa kwa matawi mabichi, bati na udongo. Zikae saa moja na nusu hadi mbili. Mtu mmoja hubaki akiangalia, na popote mvuke unapochungulia huongeza udongo papo hapo. Mvuke ukivuja, chini huungua na katikati hubaki bichi. K'óol ikiwa nyepesi, donge hulowa na halishiki. Mafuta yakipungua, ganda hukauka na kupasuka. Mjini Mérida wengi hawana ua wa kuchimba, hivyo hupeleka sinia zao kwenye tanuri la mwoka mikate. Huiva, lakini ile harufu ya moshi na jani lililoungua haipatikani, na wazee huitambua tofauti kabla hawajaonja.

"Gwaride la Siku ya Wafu la Jiji la Mexico ni mila ya mababu"

Lilifanyika mara ya kwanza mwaka 2016, baada ya filamu ya James Bond ya 2015 kubuni gwaride la aina hiyo. Kilichoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008 ni sherehe za jamii za wenyeji, zinazofanyika nyumbani na makaburini.

"Huko Pomuch hufukua maiti kila mwaka"

Pomuch ni mji wa jimbo la Campeche. Marehemu hufukuliwa mara moja tu, baada ya miaka mitatu hivi kaburini, na mifupa yake huwekwa kwenye sanduku la mbao lililo wazi. Kinachofanywa kila mwaka, siku za mwisho za Oktoba, ni kuisafisha. Jamaa huitoa mfupa mmoja mmoja, huifuta vumbi kwa brashi, kisha huirudisha kwenye kitambaa kipya kilichotariziwa, fuvu likikaa juu kabisa. Kitambaa cha zamani hutupwa, kama nguo iliyochakaa. Wanaoifanya huzungumza na marehemu wao huku wakifuta, kwa sauti ya kawaida.

"Tarehe 2 ikipita, yameisha"

Roho hazifukuzwi. Siku nane baadaye meza hutandikwa tena, safari hii kwa kiasi kidogo, na siku hiyo huitwa bix. Novemba inapokwisha, mishumaa huwashwa usiku juu ya kuta za mawe zinazozunguka nyua, ili wanaoondoka waione njia.