Ngoie si Ngo-i-e: mwandishi anapokabidhi kitabu chake kisomwe

Mzee aliyenifanya niandike haya ni mwalimu mstaafu. Alikuja kwenye studio yangu ya vitabu vya kusikiliza hapa Kamalondo, Lubumbashi, na flashi mfukoni na riwaya yake kwapani, ile aliyoichapisha kwa pesa zake mwenyewe na kuiuza mkono kwa mkono. Ndani ya flashi mlikuwa na sura 6 alizozirekodi kwa simu, chumbani kwake Katuba. Tukazisikiliza pamoja. Sura ya kwanza ina jogoo. Ya tatu ina mvua juu ya mabati. Kufika ya tano mwalimu ana mafua, kwa hiyo na shujaa wa hadithi naye ana mafua.

Hayo yote yanasameheka. Lililonisumbua ni jingine: anakijua kitabu chake mno. Pale msikilizaji anapohitaji kungojeshwa kidogo, yeye anakimbia, maana anajua kinachokuja. Penye huzuni anashusha sauti hadi haisikiki, kwa kuwa yeye ameshaanza kulia moyoni. Alikuwa anasoma kama mtu anayekumbuka, na kusimulia ni kazi nyingine.

"Sasa nikikupa wewe," aliniuliza, "kitabu kitabaki changu?"

Waandishi wanaojichapisha huniuliza hivyo kila mara, wengine kwa maneno, wengine kwa kunikatalia mswada hadi dakika ya mwisho. Nilimjibu: Mwalimu, kitabaki chako kwa kadiri utakavyokuwa umefanya kazi kabla mikro haijawashwa. Ikishawashwa, kazi yako ni kunyamaza.

Habari za chumba nizipitishe haraka, kwa sababu ndizo zinazowavutia watu na ndizo zisizo na ugumu. Nina magodoro ukutani, mablanketi mawili mazito mlangoni, na dari ya mbao chini ya bati. Kuanzia Novemba hadi Machi, mvua inapotutawala, sipangi kurekodi alasiri. Umeme ukikatika hatusimami: kompyuta inakwenda kwa betri, na kusema kweli ndipo sauti inapokuwa safi zaidi, kwani ule mngurumo wa umeme wa hezi 50 haupo na friji ya jirani imenyamaza. Kwa vipimo nafuata vya ACX, jukwaa la kutengenezea vitabu vya kusikiliza la kampuni ya Audible, lililoanza mwaka 2011: wastani wa sauti uwe kati ya desibeli -23 na -18, vilele visivuke -3, na chumba kikiwa kimya kelele yake iwe chini ya -60. Jukwaa lenyewe linapokea wakaaji wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ayalandi tu, kwa hiyo mlango wake kwetu umefungwa. Vipimo lakini ni vizuri, na havina paspoti.

Tuje kwenye mswada, maana hapo ndipo kitabu kinapotekwa au kuokolewa.

Miaka michache nyuma nilipokea riwaya ambayo mhusika wake mkuu anaitwa Ngoie. Mtu yeyote wa Katanga anajua: hiyo ni tahajia ya zamani ya Kibelgiji, na hutamkwa kama wengine wanavyoliandika sasa, Ngoy. Msimulizi niliyemchukua alisomea Tanzania, ana sauti ya asali, na aliona herufi tano akazisoma zote: Ngo-i-e. Mimi nilikuwa nimekwenda Likasi wiki hiyo. Niliporudi sura 3 zilikuwa tayari, na jina lilikuwa limetajwa mara 41. Kubandika jina moja jipya ndani ya sentensi ya zamani si kazi ya kubandika kiraka kwenye suruali. Sauti ya asubuhi si ya jioni, umbali wa mdomo na mikro umebadilika, pumzi imekatika pengine. Tulirudia sura zote 3. Mwandishi hakulipa hata senti, maana kosa lilikuwa langu: sikumwomba orodha ya majina.

Tangu siku hiyo siwashi mikro bila orodha. Mwandishi anaandika kila jina la mtu na la mahali, na kando yake ananitumia sauti fupi ya WhatsApp akilitamka. Tshombe, Tshibangu: hiyo "Tsh" ni "ch" yetu ya kawaida. Kama mhusika ni Mluba, nataka kumsikia mtu anayesema Kiluba akimwita jina lake kama anavyomwita uani, kwa sababu kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kikikosewa jina linakuwa la mtu mwingine. Kiswahili chenyewe nacho kina mitego. Barabara ya kupita magari ina mkazo pale tulipouzoea, kabla ya silabi ya mwisho, lakini "barabara" ya kusema jambo limefanyika sawasawa huvuta mkazo nyuma, barábara. Kwa macho ni neno moja. Msimulizi akikutana nalo mwanzo wa mstari bila alama, anabahatisha.

Kisha tarakimu. Riwaya ya Mwalimu inazunguka mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya machimbo ya shaba, ule wa Desemba 1941, wakati askari walipowafyatulia risasi wagomaji kwenye uwanja wa mpira hapa mjini, mji ukiitwa bado Élisabethville. Tarehe 9 Desemba 1941 inatokea karibu kila sura. Kwenye karatasi haina shida. Mdomoni ina shida kubwa: msimulizi aseme "elfu moja mia tisa arobaini na moja"? Wengi wetu hapa tukitaja mwaka tunautaja kwa Kifaransa, mille neuf cent quarante et un, bila hata kujua kwamba tumebadilisha lugha. Nikamuuliza Mwalimu: huyu mzee anayemsimulia mjukuu wake kwenye sura ya pili, angesemaje? Akafikiri, akacheka. "Yule hawezi kutaja mwaka. Yule atasema: mwaka ule wa risasi." Akachukua kalamu akaandika upya pale pale. Mimi napenda sana wakati huo. Swali la sauti limemrudisha mwandishi kwenye kitabu chake, na kitabu kimekuwa bora kuliko kilivyochapishwa. Simulizi lenyewe, nje ya mazungumzo, tuliacha mwaka kwa Kiswahili kirefu.

Hapo tukaingia kwenye jambo linalogombanisha watu zaidi ya yote: Kiswahili gani? Mwalimu ameandika masimulizi kwa Kiswahili bora, kile cha shuleni na misani, lakini wahusika wake wanasema kama tunavyosema: batu, bintu, makumi mbili, "beko banatumika". Msimulizi aliyelelewa na vitabu vya Dar es Salaam atajikuta anasahihisha bila kukusudia, anasoma "wanafanya kazi", na mchimba shaba wa mwaka 1941 anageuka karani. Msimulizi wa hapa naye ana kasoro yake: atasoma "zahabu" mahali palipoandikwa dhahabu, hata kwenye simulizi lililo rasmi. Masikio ya Lubumbashi yamezoea michezo ya kundi la Mufwankolo, watu waliochekesha mji huu redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha mji. Ukimletea msikilizaji huyo mchimbaji anayeongea kama mtangazaji wa habari, anazima. Kwa riwaya hii nilichagua mama mmoja wa Kenya (wilaya yetu, si nchi, kila mara inabidi nieleze), aliyefundisha Kiswahili miaka mingi na ambaye nyumbani haongei hata sentensi moja ya shuleni. Anavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kujikwaa.

Mwalimu hakufurahi. Alitaka sauti ya kiume, "kwa sababu ni kitabu cha wanaume". Sikubishana. Nilimwambia asubiri dakika 15.

Dakika 15 za kwanza ndiyo desturi ya kazi hii ambayo sitaiacha hata mteja akiniharakisha vipi. Tunarekodi robo saa, tunaisafisha kabisa kama itakavyouzwa, tunampa mwandishi. Anasikiliza nyumbani, si mbele yangu. Anaweza kukataa sauti, mwendo, lafudhi, jinsi mtoto anavyosemeshwa, chochote. Tutabadilisha, hata msimulizi mwingine tutatafuta. Lakini akishasema ndiyo, mlango huo unafungwa. Baadaye anasahihisha makosa tu: neno lililorukwa, jina lililokosewa, sentensi iliyorudiwa. "Hapa ningeisoma kwa uchungu zaidi" si kosa. Hiyo ni hamu ya kurudi kwenye kiti.

Mwalimu alikaa nayo siku 4. Akanipigia jioni: "Mama huyo anafanana na dada yangu. Endeleeni."

Pesa sasa. Nalipisha kwa saa iliyokamilika, yaani saa ambayo msikilizaji atasikia, si saa tulizokaa studioni. Nyuma ya kila saa moja ya namna hiyo kuna saa 6 hivi za kazi: kusoma kimya kwanza, kurekodi, kusikiliza na mswada mkononi, kukata, kusawazisha. Ili kujua kitabu kitatoa saa ngapi, wenzetu wa Kiingereza wanagawanya idadi ya maneno kwa 9,300. Usithubutu kufanya hivyo kwa Kiswahili. "Hatukuwasikiliza" kwetu ni neno moja. Mfaransa atahitaji maneno 6 kusema hivyo hivyo. Ukigawanya kwa hesabu ya Kiingereza utajikuta umeahidi saa 5 na kutoa zaidi. Mimi nachukua kurasa 3 tofauti, moja ya maelezo, moja ya mazungumzo, moja yenye majina mengi, tunazisoma na saa mkononi, ndipo naandika bei.

Wapo wanaoniomba tugawane mauzo badala ya kulipa. Nakataa, na si kwa ubaya. Faili likishaingia kwenye kundi moja la WhatsApp, mimi na wewe tutahesabu nini? Afadhali nilipwe kwa mafungu matatu, la mwisho siku ya kukabidhi, na rekodi yote iwe mali ya mwandishi, pamoja na ile ghafi. Hilo la ghafi liandikwe kwenye mkataba. Mwandishi akitaka kurekebisha sura moja miaka 5 baadaye na mimi nimehamia Kolwezi, asibaki mikono mitupu.

Mwisho ni uzito. MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde hula megabaiti 86 na kitu kwa saa. Kitabu cha saa 8 kinakaribia 700. Nani atashusha hiyo kwa megabaiti za kununua? Kwa hiyo natoa mafungu mawili: moja zito la kuweka akiba na kupeleka kwenye majukwaa, jingine la kilobiti 64, mono, chini ya megabaiti 30 kwa saa, la kuuzia watu kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Sauti ya mtu mmoja asiye na muziki haipotezi kikubwa hapo.

Mwalimu alikuwa na ombi moja tu siku ya kumaliza. Alitaka ukurasa wa tabaruku, ule unaotaja mama yake, ausome mwenyewe. Nikampa kiti, nikamsogezea mikro, nikafunga mlango. Ni mistari 4. Mara ya kwanza alikimbia. Mara ya pili alishusha sauti hadi mwisho haukusikika vizuri. Akaniangalia kupitia kioo, akingoja nimwambie arudie.

Nikamwonyesha kwa kidole kwamba imetosha. Ile ya pili ndiyo iliyomo.