Umati si mauzo: yanayoaminiwa Mbeya kuhusu promosheni na hisani madukani

Jumamosi moja, jengo la maduka nililokuwa naratibia matangazo hapa Mbeya liliita matarumbeta, msanii, na MC mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara kuu. Watu walijaa hadi bajaji zikakosa pa kugeuzia. Ilipofika saa 8 mchana wapangaji watatu wa fremu za mbele walikuwa wamefunga milango kwa kuhofia vibaka. Jioni tulipokaa kupiga hesabu, maduka mengi yalikuwa yameuza chini ya Jumamosi ya kawaida. Aliyevuna ni mama wa mahindi ya kuchoma aliyekuwa nje ya geti, ambaye wala hakuwa mpangaji wetu. Mkaa ulimwishia kabla ya jua kuzama.

Tangu siku hiyo, haya yafuatayo yakisemwa kikaoni huwa nanyoosha mkono kupinga.

"Watu wakijaa, promosheni imefana"

Aliyekuja kumwona msanii amekuja kumwona msanii. Kipimo cha jengo la biashara ni risiti: chukua idadi ya risiti za EFD (mashine za risiti za kodi) za siku ya tukio, uzilinganishe na Jumamosi nne zilizotangulia, kisha utazame wiki mbili zinazofuata. Wiki hizo mbili ndizo zinazoumbua. Kuna promosheni inayoyahamishia leo manunuzi ya keshokutwa, mteja akatoweka mwezi mzima, nasi tukapongezana.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuifanya risiti ya siku hiyo iwe kiingilio: cha mchezo wa watoto, cha kupimwa shinikizo la damu bure, cha kikombe cha kahawa. Mteja anadai risiti mwenyewe bila kusukumwa, jambo ambalo TRA, mamlaka ya mapato, wanalihubiri mchana na usiku.

Ila hapo kuna shimo. Ukizikusanya risiti kwenye ndoo na kumchomoa mshindi wa pikipiki, umeshaingia kwenye michezo ya kubahatisha. Wengi hudhani Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inawahusu watu wa kubeti na kampuni za simu tu. La hasha. Droo ya kutangaza biashara nayo inahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kibali kinatangulia tangazo. Asiyetaka mlolongo huo atoe zawadi kwa kila anayefikisha kiasi fulani cha manunuzi. Hapo hakuna bahati, kuna hesabu.

"Msimu ni Desemba, kwingine ni kupoteza hela"

Hii tumeiazima Dar es Salaam bila kuipima. Mbeya mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei. Desemba mkulima wa Mbarali au Rungwe ameshanunua mbegu na mbolea, na pesa yake iko ardhini. Mpunga wa Kyela na wa bonde la Usangu huanza kuvunwa kuelekea katikati ya mwaka. Kahawa ya Mbozi nayo huiva katikati ya mwaka, na malipo yake kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) yana ratiba yake, ambayo mratibu wa promosheni anapaswa kuijua kama anavyojua tarehe ya mshahara wa walimu. Huyu mtu akipata pesa anapanda gari kuja mjini kununua bati, godoro na simu. Atakuta punguzo limeisha Januari.

Sisemi Desemba iachwe. Wenye mshahara wapo, wanaorudi nyumbani kwa Krismasi wapo. Nasema jengo linalomwaga bajeti yote Desemba limechagua kuongea na nusu ya wateja wake.

Mwezi wa nane una mtego wake: Nanenane ikianza, watu wanaelekea viwanja vya John Mwakangale kule Uyole. Kushindana na maonyesho hayo ni kutwanga maji kwenye kinu. Bora upange ofa ya wiki inayofuata, na vipeperushi ukavigawe hukohuko viwanjani. Na jambo moja dogo ambalo wageni hulisahau: Juni na Julai baridi yetu haina mzaha. Onyesho la nje la saa 1 usiku litabaki na MC na fundi mitambo.

"Sadaka ya kweli haina spika"

Nawaelewa wanaosema hivi, na kuna siku nakubaliana nao. Lakini kuifunga hisani kwenye manunuzi hakukuanza jana. Mwaka 1983 kampuni ya kadi za malipo ya American Express iliahidi kutoa senti moja kila mteja anapotumia kadi yake, na dola moja kwa kila kadi mpya, ili kukarabati Sanamu ya Uhuru ya New York. Ilipatikana takriban dola milioni 1.7, na matumizi ya kadi yakapanda kwa asilimia 28. Biashara ilinufaika, sanamu ikanufaika, na hakuna aliyefichwa kitu.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Maneno ninayoyaogopa kwenye bango ni "sehemu ya mapato itatolewa kwa wahitaji". Sehemu gani? Kwa nani? Andika shilingi 200 kwa kila risiti, taja kituo cha watoto kitakachopokea, taja siku ya mwisho, na baada ya hapo bandika mlangoni jumla iliyopatikana. Wanyakyusa na Wasafwa wanaopita pale wanajua kuhesabu.

Wahasibu wengine hudhani hisani inafuta kodi yote. Haifuti. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu michango kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa ipunguzwe kwenye hesabu, lakini isizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yanayotozwa kodi.

"Bila bajeti kubwa hakuna ubunifu"

Mwaka 1979 watumishi wawili wa kanisa la Jeshi la Wokovu, mume na mke, waliweka mti wa Krismasi kwenye jengo la maduka la Lynchburg, Virginia, nchini Marekani. Matawini walitundika kadi zilizoandikwa mahitaji ya watoto wa familia zisizojiweza. Mpita njia anachukua kadi, ananunua kitu kilekile kilichoandikwa, anakirudisha. Gharama yake ni mti, kalamu na karatasi. Tazama jinsi wazo hili linavyomfaa mwenye duka: zawadi inanunuliwa humohumo jengoni.

Kwetu mti huo ningeusogeza hadi Januari, shule zinapofunguliwa. Kadi iseme: viatu vyeusi namba 34, madaftari makubwa sita, sweta la shule. Wenye fremu za vifaa vya shule wapunguze bei kwa mwenye kadi. Jina la mtoto lisiandikwe.

"Watoto wa kituo wanafurahia chochote"

Hapa nina kinyongo. Msafara unakuja na sabuni, sukari, katoni za biskuti, hundi ya mfano kubwa kama mlango, mgeni rasmi, picha ya pamoja, kwaheri. Niliwahi kuongozana na msafara wa namna hiyo, na mlezi wa kituo akatuonyesha stoo: sabuni ya miezi kadhaa, lakini umeme wa kununua kesho hakuna. Hatukuwa tumempigia simu hata mara moja kabla ya kwenda.

Uliza kwanza, uanzie kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Utasikia mambo ambayo hayapendezi kwenye picha: bima ya afya, taulo za kike, mablanketi, gesi ya kupikia, mshahara wa mpishi. Na picha zenyewe si za bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Sura ya mtoto kwenye bango la ofa ya masufuria, bila ridhaa ya mlezi, ni kosa, mbali na kuwa ni aibu.

"Kuchangia damu kutafukuza wateja"

Kinyume chake. Ni tukio tulivu, la watu wazima, na anayechangia hukaa jengoni: anajaza fomu, anapimwa wingi wa damu, anatoa takriban mililita 450, anapumzika na kinywaji. Aliyekuja naye anazunguka madukani. Wanaofaa ni wenye miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, walio na afya njema. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya. Vifaa na wataalamu ni wao, nawe unatoa nafasi, viti, maji na matangazo.

Kosa letu ni kulifanya tukio hili kubwa mara moja kwa mwaka, tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani. Chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye baridi hudumu siku 35 hivi, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kama siku 5 tu. Chupa mia tatu za siku moja haziwezi kumngoja mama atakayejifungua Septemba. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya 4. Basi jengo liwe na Jumamosi yake kila robo mwaka, watu thelathini au arobaini, wale wale wakirudi muda wao ukitimia na kuleta wenzao. Mwezi wa shule kufungwa ndio wa kukazia, maana wanafunzi wa sekondari na vyuo ni wachangiaji wakubwa na huwa hawapo.

Atakuwepo wa kusema damu inauzwa hospitalini. Mjibu wazi kwamba utaratibu wa nchi ni kuwa damu haiuzwi, na anayedaiwa pesa ana haki ya kulalamika.

Vitanda viwekwe ghorofa ya chini, penye kivuli, karibu na choo, mbali na spika. Hasa mbali na spika.