Yuniti moja ya umeme ni kitu gani hasa?

Kwenye mizigo yetu ya Uganda (ndugu wa Mombasa msishangae, huku muzigo ni chumba cha kupanga), ugomvi wa umeme mara nyingi huanzia kwenye simu. Vyumba sita, mita moja, na anayeshukiwa ni yule kijana mwenye simu mbili na chaja isiyotoka ukutani. Mama anayepiga pasi sare za watoto watano kila Jumapili haulizwi kitu. Kumbe hesabu ya yuniti inamwachia kijana huru.

Yuniti ni kipimo cha umeme uliotumika: nguvu ya chombo mara muda kilichowaka. Chombo cha wati 1,000 kikiwaka saa moja, yuniti moja imekwisha. Kwenye mita imeandikwa kWh, yaani kilowati-saa. Wati za chombo zimeandikwa kwenye kibandiko chini au nyuma yake. Zizidishe kwa saa, ugawe kwa 1,000, basi.

Sasa tumpime kijana. Betri ya simu ya kawaida ikijazwa kutoka sifuri hula kama wati-saa 20. Hata ukihesabu umeme unaopotelea kwenye chaja, yuniti moja inajaza simu mara 40 hivi. Balbu ya LED ya wati 9 itakaa na yuniti hiyo hiyo zaidi ya saa 100, ilhali ile ya zamani ya wati 60 haifiki saa 17. Birika la umeme, ambalo huku tunaliita pakoleta, huwa na wati 2,000 hivi: likichemka dakika sita limekula sehemu ya tano ya yuniti. Hita ya bafuni ya wati 4,500 inamaliza robo tatu ya yuniti kwa dakika kumi tu. Ukitaka kujua mlaji, basi, tafuta kinachotoa joto. Ndiyo maana wenye nyumba wengi hupiga marufuku majiko ya koili na pasi, wala hawajakosea.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni bei. Unanunua Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi tarehe mosi, unapata yuniti nyingi. Unarudi tarehe 20 na elfu kumi ile ile, unapewa chache, unadhani wakala kakupunja. (Yaka ni Kiganda, ndugu yake "waka" ya Kiswahili.) Bei ya umeme wa nyumbani imepangwa kwa ngazi. Yuniti 15 za kwanza za kila mwezi zimekuwa zikiuzwa shilingi 250 kila moja, ziwafae wenye kipato kidogo. Kuanzia ya 16 bei inaruka hadi zaidi ya shilingi 700. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18 na ada ya huduma. Cha ajabu, kati ya yuniti ya 81 na ya 150 bei inashuka tena kuwa kama shilingi 412, makusudi kuwavuta watu waache mkaa wapikie umeme. Mamlaka inayopanga bei, ERA, huzibadilisha mara kwa mara, ila mtindo wa ngazi ndio huo.

Mpangaji wa mita ya pamoja ndiye anayeumia. Zile yuniti 15 za bei nafuu hutolewa kwa mita, wala mita haijui mna vyumba vingapi. Mkiwa sita, kila chumba kinapata mbili na nusu kwa mwezi, zinazobaki zote ni za bei kubwa kuliko hiyo. Mtu mwenye mita yake, taa tatu na redio, anaweza kumaliza mwezi bila kuzivuka.

Friji ndiyo ngumu kuipigia hesabu, kwa sababu mota yake huwaka na kuzima yenyewe, na kibandiko hakisemi huwaka kwa muda gani. Usiku zima kila kitu isipokuwa friji, andika namba iliyo kwenye mita, kalale. Alfajiri, kabla mtu hajagusa pakoleta, isome tena. Zilizopungua zimeliwa na friji.