Mlokole, na herufi yake ya mwisho

Mlokole ni mtu aliyeokolewa. Maana imeishia hapo, na mimi ningeishia hapo pia, ila mwezi uliopita mpwa wangu alikuja Jinja kutoka Kampala, akaingia uani kwa mama yangu, akamsalimia wima. Kwetu Busoga binti hupiga magoti akisalimia wakubwa. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu: "Mjomba, mimi mlokole. Mlokole hapigii binadamu magoti."

Mama alikuwa anamenya matoke. Hakusema kitu. Yeye ni mlokole tangu mimi sijazaliwa.

Ubishi wa magoti nauacha. Wako Wakristo wanaokataa kwa dhamiri safi, wako wanaoona ni salamu tu kama kushikana mikono. Kilichonikera ni lile neno. Alilitamka kama cheo, kama mtu asemaye "mimi mkaguzi" ili apishwe njia. Na si yeye peke yake. Kila wiki nalisikia hivyo kwenye teksi na misibani.

Neno ni la Kiganda: omulokole, wingi abalokole, kutoka okulokola, yaani kuokoa. Waswahili wa Kenya na Tanzania walilichukua zima zima, wakapata walokole, ulokole, hata "sura ya kilokole", na wengine sasa wataapa ni lao tangu enzi. (Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili kwa sababu baba alikuwa askari, kwa hiyo nimezoea kuambiwa lugha hii ni ya kambini. Nafurahi kukuta kwamba nayo ilikuja Buganda kukopa.) Weka lokola kando ya okoa uone zilivyofanana. Mara nyingi l ya Kiganda kwetu haipo: enjala ni njaa, okuzaala ni kuzaa, okutwala ni kutwaa.

Lakini mimi nataka utazame mkia. Yesu kwa Kiganda ni Omulokozi. Aliyeokolewa ni omulokole. Mzizi mmoja, mikia miwili. Wa -zi ndiye atendaye. Wa -e ndiye atendwaye. Kiswahili chetu kinafanya vivyo hivyo: mtume hakujituma, mteule hakujiteua, na kiumbe hakikuumba chochote, kiliumbwa. Kwa Kiganda mfungwa ni omusibe, kutoka okusiba, kufunga. Sijaona mfungwa anayejisifia ustadi wa kufungwa. Mlokole basi ni mtu aliyevutwa kutoka shimoni kwa mkono wa mwingine, na akisema "mimi mlokole" amekiri kwamba alikuwa shimoni. Ukiligeuza kuwa cheo, umejipachika mkia usio wako. Wanaolitumia kwa kejeli wamekosea palepale: wanadhani ni jina la mtu anayejiona msafi.

Waliolisambaza walijua. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha Gahini, akafariki 1936 akiwa bado kijana. Uamsho uliotoka hapo ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika, na alama yake ilikuwa mtu kusimama mbele ya watu na kuungama dhambi zake. Zake, si za jirani. Kulikuwa na wamisionari wazungu walioungama kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo gumu kulifikiria katika miaka ile ya ukoloni. Waliita kutembea nuruni. Na wenyewe kwa wenyewe waliitana ab'oluganda, yaani watu wa ukoo mmoja.

Sisemi walikuwa malaika. Mwaka 1941, chuo cha theolojia cha Mukono kilifukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmoja wao. Uongozi uliwaona wakaidi, wao walisema wanamtii Mungu. Pengine kila upande ulikuwa na chembe ya kiburi. Hata hivyo uamsho haukuhama Kanisa la Anglikana, kwa hiyo anayesema "mimi si mlokole, mimi Mprotestanti" (kwetu Uganda ndivyo Mwanglikana anavyojiita) amechanganya mambo. Leo jina wamepewa Wapentekoste wote, na vita hivyo nimechoka kuvipigana.

Jioni, tukiosha vyombo, nilimwambia mpwa wangu kwamba neno lake ni zuri na alishike, ila ametamka mlokole akamaanisha mlokozi. Akacheka, akasema mimi nimekuwa mwalimu wa sarufi uzeeni. Nikamwambia akamuulize jaja yake, yaani bibi yake, maana katika miaka yangu yote sijamsikia mama akisema "mimi mlokole" akanyamaza hapo. Huendelea. Huanza na kopo la chumvi alilokuwa akilipimia sokoni, chini amelibonyeza ndani ili lijae upesi, na majina ya wanawake aliowaendea mmoja mmoja kuwarudishia chumvi yao.

Alipokwenda kumuuliza, ilibidi aketi chini kwenye mkeka, kwa sababu hadithi ile ni ndefu.