Kata ya nyuma haiinamishwi

Kisauni na Likoni, huko Mombasa, wako wakataji wa mivinje na miembe wanaoinamisha kata ya nyuma (ile ya mwisho, upande wa shina usioelekea mti unakoangukia), msumeno ukishuka kuelekea lile pengo la mbele linaloelekeza mti. Huamini mteremko huo huuzuia mti kurudi nyuma na kumwangukia mkataji. Si kweli, na ni imani ya hatari.

Kinachouongoza mti ni bawaba, yaani ukanda wa shina unaoachwa bila kukatwa kati ya pengo na kata ya nyuma, unene wake kama asilimia 10 ya kipenyo cha shina. Kata ya nyuma iende mlalo, sentimita 3 hadi 5 juu ya kona ya pengo. Kidato hicho ndicho kinachozuia shina kuteleza nyuma. Ukiinamisha, ni vigumu kujua bawaba imebaki nene kiasi gani, na kabari ukiigonga inaweza kupasua ubavu wa shina badala ya kuuinua mti.

Bawaba yenyewe usiimalize, tafadhali: ikikatika yote, mti huanguka unakotaka wenyewe. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, ahirisha kazi.