Je, wajua kompyuta inatofautishaje msingi na pagale?

Ukitoka mjini kwenda Fuoni, tazama nje ya dirisha la daladala. Utaona nyumba za kila umri: msingi ulioota majani, pagale lililofika lenta likasita kungoja pesa, na jirani yake nyumba iliyokwisha ezekwa bati. Hata mtoto anayerudi chuoni na juzuu yake kwapani hahitaji kuambiwa ipi ni ipi.

Kompyuta huambiwa, tena mara maelfu.

Swali hili Zanzibar halikuwa la kupitisha wakati barazani. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba kutoka angani. Kamisheni ya Ardhi ilishirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakarusha ndege ndogo zisizo na rubani. Picha zilitoka kali kiasi kwamba pikseli moja, yaani nukta moja ndogo ya picha, ni takriban sentimita 7 za ardhi. Mwaka 2018 picha hizo zikatumika katika shindano la kimataifa: andika programu itakayochora mipaka ya kila jengo, kisha iseme kama limekamilika, halijakamilika, au ni msingi tu.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Kwa kompyuta picha ni tarakimu tupu, tatu kwa kila pikseli: kiasi cha wekundu, cha ukijani na cha ubuluu, kuanzia 0 hadi 255. Ukuta wa tofali la inchi sita, ukiutazama kutoka juu, una upana wa pikseli mbili hivi. Kwa hiyo pagale zima, lililomla mwenyewe akiba ya miaka, kwenye picha ni mistari myembamba iliyokatizana. Na msingi je? Ni mistari ileile.

Programu za kazi hii huitwa mitandao ya neva: hujifunza kwa kuonyeshwa mifano mingi. Mtandao wa neva huanza na kidirisha kidogo, tuseme cha pikseli tatu kwa tatu, kinachopitishwa picha nzima kikitafuta kitu kimoja tu: mstari uliosimama, au uliolala, au mahali mwanga unapokutana na kiza. Hakuna anayekiandikia kitafute nini. Mtandao hukisia, hulinganishwa na mchoro wa binadamu aliyeyachora majengo hayo kwa mkono, hukosolewa, hujirekebisha. Asili ya wazo hili ni ubongo wa paka. Mwaka 1959 wanasayansi David Hubel na Torsten Wiesel walieleza kuwa katika ubongo huo zimo seli zinazoshtuka zikionyeshwa mstari wenye mwinamo fulani tu. Kazi yao iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kunihiko Fukushima wa Japani akaigeuza fikra hiyo kuwa mtandao wa kompyuta mwaka 1980.

Lakini pikseli tatu ni sentimita 21, na nyumba ya mita 12 ni pikseli zaidi ya 170. Aliyeinamia sentimita 21 za ukuta hawezi kujua kama ni ukuta wa chumba, wa uwa au wa kaburi. Ndiyo maana mtandao huipunguza picha hatua kwa hatua, kila tabaka likiona eneo kubwa kuliko lililotangulia. Ni kama mkwezi wa minazi: akiwa chini anaona nyufa za ukuta, akifika kileleni anaona mtaa mzima, ila nyufa zimempotea. Na mchora mipaka anavihitaji vyote viwili. Mwaka 2015 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walipata dawa nzuri: mtandao unaoipunguza picha kisha ukaikuza tena, na katika kila ngazi kuna daraja linalovusha yale madogo yaliyoonekana mwanzo. Waliutengeneza kwa picha za seli za hadubini! Seli na nyumba, kumbe, zina tatizo moja: mpaka wa hiki na kile uko wapi.

Kuna mtego mwingine, na mimi naona ndio mkubwa. Mitandao hupenda kushika sura ya juu juu. Watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walichukua umbo la paka wakalivisha ngozi ya tembo. Mtandao ukajibu kuwa huyo ni tembo. Hebu leta tabia hiyo huku kwetu. Bati lenye kutu na udongo mwekundu ni rangi jamaa. Mashariki ya Unguja, ukuta wa mawe ya matumbawe umekaa juu ya ardhi ya mawe hayohayo. Rangi itakudanganya mchana kweupe. Kinachosema kweli ni mpangilio: mistari minne iliyofunga pembe, ndani yake vyumba, kando yake kivuli. Uwa hauna vyumba, na msingi hauna kivuli cha maana.

Mitandao mipya zaidi, iliyoanza kushika kasi mwaka 2020, hukata picha vipande, kwa mfano vya pikseli 16 kwa 16, kisha kila kipande huulizana na vyote vingine. Sharti kila kimoja kipewe namba ya mahali pake. Bila hiyo ni sawa na kuikata kanga ukaitia guniani: pindo limo, mji umo, jina limo, lakini hakuna wa kujifunga.

Linabaki lile ambalo kila fundi wa Ng'ambo analijua. Chumba kimoja kimeezekwa, vitatu viko wazi, mwenyewe ameshahamia na kamba ya nguo imefungwa sebuleni. Hiyo imekamilika au haijakamilika? Mtandao utajibu kama alivyojibu yule kijana aliyeichora kwa mkono, siku ile, mbele ya kompyuta yake.