Mchungwa wa manjano si ushahidi wa mbolea feki

Dirisha la mbolea ya ruzuku likifunguliwa, malalamiko kutoka wilaya za Kyela na Rungwe, mkoani Mbeya, hufanana: nimeweka mbolea, mchungwa bado wa manjano, basi mbolea ni feki. Feki zipo, hatukatai. Lakini tazama kwanza ni majani gani yamegeuka.

Yakiwa ya zamani na yamepauka jani zima, mti una njaa ya naitrojeni. Machipukizi na maua ya Septemba hayasubiri mvua ya Novemba. Hutumia akiba, na akiba ikipungua mti huwanyang'anya majani wazee. Jani la zamani lililobaki na kabari ya kijani karibu na kikonyo linadai magnesiamu. Majani machanga yakiwa madogo, membamba, yenye manjano katikati ya mishipa ya kijani, hiyo ni njaa ya zinki. Hapo hata umwage gunia zima la urea, hupati kitu. Nyunyizia salfeti ya zinki majani ya chipukizi yakifikia theluthi mbili ya ukubwa wake.

Mchungwa uliokomaa hutosheka na takriban kilo 1 ya urea kwa mwaka, ikigawanywa mara tatu: udongo ukishalowa, katikati ya msimu, na mvua zinapoelekea ukingoni. Hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoweka akiba ya Septemba. Kila awamu ni kama gramu 330. Kizibo cha soda hubeba takriban gramu 5. Ni kipimo cha shimo la mahindi, jamani, si cha mti wenye matunda.

Tawanya kuanzia nusu mita kutoka shinani hadi ukingo wa matawi, kisha fukia kidogo. Ukirundika shinani unaunguza gome na mizizi. Usichanganye na chokaa wala majivu: harufu ile inayokaba pua ni naitrojeni yako inayopaa. Chokaa yenyewe isubiri majibu ya kipimo cha udongo; kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, wanapima.

Bado una shaka na mbolea? Usiimalize. Funga mdomo wa mfuko, tunza lebo na risiti, mwone afisa ugani ili taarifa ifike TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea. Sampuli huchukuliwa na mkaguzi. Uliyoibeba mwenyewe kwenye kifuko haisimami kama ushahidi. Kuuza mbolea bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mbolea ya 2009, lakini aliyepimiwa kwenye kisado bila risiti hana pa kuanzia.